Ruwenzori: barafu inaisha, vipimo vinatoka ng'ambo ya mpaka

Asubuhi chache ambazo mawingu yanafunguka, mkaaji wa Mutwanga, wilayani Beni jimboni Kivu ya Kaskazini, akiinua macho upande wa mashariki anaona weupe kwenye vilele vya Ruwenzori. Wanande wa upande huu na Bakonzo wa upande wa Uganda wanauita nzururu, na ndilo neno lililozaa jina la mlima wenyewe. Watu wazima wanaokumbuka mlima ulivyokuwa zamani wanasema weupe huo umepungua sana. Hawakosei. Vipimo vinasema vilevile. Ila karibu vipimo vyote vinavyotajwa duniani kuhusu barafu ya Ruwenzori vimechukuliwa na watu waliopanda kutokea Uganda.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuhifadhi barafu za milimani, na tarehe 21 Machi iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kama siku ya barafu hizo. Mwaka huohuo Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo ndani yake umo upande wa Kongo wa mlima huu, ilitimiza miaka 100 tangu ilipoundwa tarehe 21 Aprili 1925. Sherehe mbili katika mwaka mmoja, na swali moja ambalo hakuna aliyelijibu kwenye sherehe hizo: Kongo yenyewe inajua nini kuhusu yanayotokea juu ya kilele chake kirefu kuliko vyote?

Kilele hicho ni Margherita, chenye mita 5,109, juu ya mlima Stanley. Mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapohapo. Mtu anayesimama juu yake anaweza kuwa na mguu mmoja katika kila nchi. Barafu haijui mpaka, lakini daftari za vipimo zinaujua vizuri sana.

Kutoka kilomita sita na nusu hadi chini ya nusu

Mwezi Juni 1906, mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alifika Margherita na kikosi chake. Pamoja naye alikuwa mpiga picha Vittorio Sella. Picha za Sella na ramani za msafara ule ndizo zilizobaki kuwa kipimo cha kwanza: kila aliyekuja baadaye alilinganisha na hizo. Kwa kuzitumia, watafiti wamekadiria kwamba wakati ule barafu ya Ruwenzori ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5, juu ya milima sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia.

Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kama kilomita 2. Mwaka 2003, chini kidogo ya 1. Utafiti uliotumia picha za satelaiti za miaka ya 2021 na 2022 ulipata takriban kilomita ya mraba 0.38. Kwa mkulima wa sekta ya Ruwenzori anayehesabu kwa hekta, hizo ni hekta 38. Barafu yote ya mlima mzima, pande zote mbili za mpaka, ingeenea ndani ya mashamba ya kakao ya familia chache tu za Mutwanga na Bulongo.

Mwaka 2024 msafara wa shirika la Project Pressure, ukishirikiana na UNESCO na mamlaka ya hifadhi za wanyama ya Uganda, ulipanda na droni pamoja na rada inayopenya ndani ya barafu. Ulileta habari mbili nzito. Uwanda wa barafu wa Stanley, ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki, ulipoteza asilimia 29.5 ya eneo lake kati ya 2020 na 2024. Na kwenye milima Speke na Baker, kile kilichobaki hakiwezi tena kuitwa barafu hai.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Barafu ya mlima si barafu iliyolala tu juu ya jiwe. Theluji inaanguka juu, inarundikana, inashindiliwa kwa uzito wake hadi inakuwa barafu ngumu, na hiyo barafu inashuka polepole kama uji mzito kwenye mteremko. Juu inaongezewa, chini inayeyuka. Siku inapokuwa nyembamba kiasi cha kushindwa kujisogeza, wataalamu wanaihesabu kuwa imekufa, hata kama bado kuna vipande vyeupe vinavyoonekana kwa mbali. Hicho ndicho kilichotokea Speke na Baker.

Na kuna mlima ambao habari yake haikuandikwa gazetini. Emin uko ndani ya ardhi ya Kongo, si mpakani. Barafu yake ilikwisha katika karne iliyopita, pamoja na ile ya Gessi na Luigi di Savoia. Kongo imekwisha kupoteza barafu ya mlima mzima bila mkutano hata mmoja wa waandishi wa habari.

Theluji isiyo na majira ya baridi

Mtu akisikia neno theluji anafikiri Ulaya: inaanguka Desemba, inakaa miezi, inayeyuka Machi au Aprili. Huko wapimaji wanakwenda na fimbo yenye alama, wanaichomeka, wanasoma kina, wanapima uzito wa kipande kimoja na kujua ni maji kiasi gani yatashuka mtoni wakati wa joto. Kazi hiyo ina kalenda yake.

Ruwenzori haina kalenda hiyo. Mlima uko karibu kabisa na ikweta. Juu ya mita 4,500 theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, zaidi katika vipindi viwili vya mvua, kutoka Machi hadi Mei na kutoka Agosti hadi Desemba. Inaanguka usiku au alasiri, inakaa saa chache au siku chache, halafu inakwenda. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi mmoja na mwingine.

Kwa hiyo anayetaka kuelewa barafu hii hawezi kupanda mara moja kwa mwaka na fimbo yake. Anahitaji chombo kinachobaki juu na kuandika kila saa: joto la hewa, unyevu, upepo, mwanga wa jua unaoshuka na ule unaorudishwa na uso wa barafu, na kina cha theluji mpya. Mwanga unaorudishwa ndio wenye siri kubwa. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha sehemu kubwa ya jua angani. Barafu ya zamani iliyochafuka kwa vumbi ni ya kijivu, inalimeza jua. Wiki mbili bila theluji mpya zinatosha kuibadilisha barafu kutoka kioo kuwa sufuria. Ndiyo sababu kwenye milima ya ikweta mvua na theluji vinavyopungua vinaweza kuua barafu hata pale ambapo joto halijapanda sana.

Chombo kama hicho kilikuwepo. Mwaka 2006, miaka 100 baada ya safari ya Abruzzi, watafiti wa Italia wa kamati ya Ev-K2-CNR pamoja na idara ya hali ya hewa ya Uganda waliweka kituo kinachojiendesha chenyewe karibu na barafu ya Elena, kwenye mita zipatazo 4,750. Kwa mara ya kwanza mlima ulipata mtu wa kuandika shajara yake usiku na mchana, ingawa mtu huyo ni nguzo ya chuma yenye nyaya.

Kukiweka ni jambo moja, kukifanya kiishi ni jambo lingine. Ruwenzori ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi katika eneo hili la Afrika. Kibao cha umeme wa jua kinawekwa mahali ambapo jua lenyewe linaonekana kwa zamu. Ukungu unaganda juu ya kifaa cha kupimia upepo hadi kinashindwa kuzunguka. Radi zinapiga kila kitu kilichosimama. Betri ikichoka, hakuna gari: mpagazi anaibeba mgongoni siku kadhaa kupitia matope yanayofika magotini. Na kifaa kikikaa kimya miezi mitatu, miezi hiyo mitatu imepotea milele. Hakuna anayeweza kurudi kupima joto la jana.

Ubishi ambao ungeamuliwa na daftari

Ukosefu wa vipimo si jambo la wasomi peke yao. Umezaa ubishi ambao hadi leo haujafungwa kabisa.

Mwaka 2006 kundi la watafiti lililoongozwa na Richard Taylor wa Uingereza lilichapisha kwamba barafu ya Ruwenzori ilipungua kwa nusu kati ya 1987 na 2003, kwamba sababu kuu ni joto lililopanda tangu miaka ya 1960 kwa karibu nusu nyuzi kila miaka kumi, na kwamba barafu ingeweza kwisha ndani ya miongo miwili. Wenzao wa Austria, akiwemo Thomas Mölg na Georg Kaser, walijibu kwamba mambo si mepesi hivyo: hewa iliyokauka tangu mwisho wa karne ya 19, mawingu machache na theluji iliyopungua vinaweza kuwa na mkono mkubwa.

Nani mwenye haki? Kwenye Kilimanjaro, kule Tanzania, kituo kilichowekwa juu ya barafu ya kaskazini tangu mwaka 2000 kilisaidia kujibu swali kama hilo. Kilionyesha kwamba huko hewa inabaki chini ya sifuri karibu wakati wote, na barafu inaliwa na jua na ukavu, sehemu yake ikigeuka mvuke bila kupitia maji. Kwenye mlima Kenya, barafu ya Lewis imechorwa ramani tangu 1934, na kila miongo imerudiwa. Ruwenzori haina hazina ya namna hiyo. Joto lililotajwa na kundi la Taylor lilitokana na vituo vya chini na hesabu za kompyuta, kwa sababu juu hapakuwa na kituo cha muda mrefu. Wabishi wote wawili walikuwa wakizungumza kuhusu nyumba ambayo hakuna aliyelala ndani.

Miongo miwili iliyotabiriwa mwaka 2006 inatimia mwaka 2026. Barafu bado ipo, kidogo. Utabiri haukuwa wa uongo, ulikuwa na haraka, na haraka hiyo ni dawa mbaya kwa imani ya watu: mkulima aliyeambiwa mara ya kwanza kwamba theluji itakwisha, akaiona bado ipo, mara ya pili hasikilizi.

Je, mito itakauka?

Hilo ndilo swali linaloulizwa zaidi Mutwanga, Lume na Bulongo, na ndipo penye kosa linalorudiwa mara nyingi redioni na katika mikutano. Wanasema: barafu ndiyo mama wa mito, ikikwisha, Butahu itakauka, umeme utazimika, kakao itakufa.

Vipimo vilivyofanywa upande wa Uganda, kwenye mto Mubuku, vilionyesha kitu kingine. Maji yanayotoka kwenye barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji yote ya mto unapofika chini ya mlima. Yanayobaki yote ni mvua, inayonyesha kwenye msitu na kwenye mabwawa ya juu yenye nyasi na ndago, ambayo yanaishika kama sponji na kuitoa polepole. Upande wa Kongo umbo la mlima na mimea yake si tofauti sana. Hakuna sababu ya kufikiri Butahu inaishi kwa barafu.

Habari hiyo inatuliza, lakini inahamisha hofu kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Kama mto ni mtoto wa mvua na wa mabwawa ya juu, basi kinachopaswa kulindwa na kupimwa ni mvua na mabwawa. Mwezi Februari 2012 moto uliwaka juu ya Ruwenzori, katika nyanda za juu ambako watu wengi waliamini hakuwezi kuwaka kwa ajili ya unyevu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba, upande wa Kasese, ulishuka na mawe na miti, ukaharibu nyumba na sehemu za Kilembe. Watafiti waliochunguza maafa hayo walitaja mvua kubwa, maporomoko ya ardhi, na pia miteremko iliyoungua mwaka uliotangulia. Mei 2020 mto huohuo ulirudi na kuharibu hospitali ya Kilembe. Barafu haikuwa na kosa katika hayo. Mvua ilinyesha kwa nguvu juu, na watu wa chini hawakuwa na mtu wa kuwapigia simu.

Upande wa Kongo mambo yanayotegemea mvua hiyo ni mengi. Kituo cha kwanza cha umeme cha Mutwanga, cha kilowati 400, kilianza kazi mwaka 2013 ndani ya mpango wa Hifadhi ya Virunga, na kingine kikubwa kikafuata. Umeme huo unaendesha mashine za watu binafsi na viwanda vidogo, kikiwemo cha sabuni. Kakao ndiyo mkate wa sekta hii. Bei yake duniani ilipanda mwaka 2024 hadi kuvuka dola 10,000 kwa tani, na kila aliyekuwa na miti michache alijiona tajiri. Lakini kakao inaoza kwenye mti mvua zinapozidi, na baada ya kuvunwa na kuchachushwa inahitaji jua la siku kadhaa ili ikauke. Mkulima anayejua kwamba siku tatu zijazo ni kavu anavuna leo. Asiyejua anabahatisha, na mnunuzi anamkata bei kwa sababu ya ukungu wa kuvu.

Kwa nini upande huu ni kimya

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Ubelgiji, ukiongozwa na Xavier de Grunne, ulipanda kutokea upande wa Kongo kupitia bonde la Butahu. Njia hiyo bado ina majina yake: Kalonge kwenye mita kama 2,140, Mahangu kwenye 3,310, Kiondo juu ya 4,000, halafu mawe na barafu. Ziwa la Kijani, ziwa Jeusi na ziwa la Kijivu yako huku, siyo Uganda. Ramani za zamani za barafu ya magharibi zilitokana na watu waliopita Kalonge.

Leo wapandaji wengi wanaanzia Kilembe au Nyakalengija, Uganda. Sababu haihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Beni. Waasi wa ADF walijikita katika mlima huu tangu miaka ya 1990. Kutoka mwisho wa 2020 na kuendelea, vijiji vya sekta ya Ruwenzori kama Mwenda na Loselose vilishambuliwa, watu wakachinjwa mashambani mwao, wengine wakakimbilia Uganda au Oicha. Hali ya dharura ya kijeshi iliyotangazwa Mei 2021 na operesheni za pamoja za FARDC na jeshi la Uganda tangu mwezi Novemba mwaka huo hazijaurudisha usalama wa kumwezesha mtafiti kupeleka sanduku la vyombo hadi Kiondo na kulikuta mwezi unaofuata. Walinzi wa ICCN wenyewe wanapanda wakiwa na bunduki. Kumwambia mlinzi wa namna hiyo asimame kusoma kipimajoto ni kumwomba mengi.

Hata hivyo vita si sababu pekee, na viongozi wanapoitaja kila mara inakuwa kama mwavuli. Shirika la taifa la hali ya hewa, Mettelsat, lina kazi ya kupima nchi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba milioni mbili na laki tatu, na vituo vilivyokuwepo wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru vilipungua zamani, kabla ADF haijasikika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema mara nyingi kwamba Afrika ina sehemu ndogo tu ya vituo vinavyohitajika.

Kuna mfano mwingine ambao wakaaji wa Goma hawajausahau. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa na wataalamu wanaojua kazi yao. Mwaka 2020 mradi uliokuwa ukikifadhili ulifika mwisho, na kwa miezi kadhaa kikakosa hata fedha za intaneti ya kupokea ishara kutoka vyombo vyake vya mbali. Nyiragongo ililipuka usiku wa 22 Mei 2021 bila tangazo, na watu zaidi ya 30 walikufa. Hakuna anayeweza kuapa kwamba vipimo vyote vingeonyesha mlipuko ule mapema, maana volkano ile ilitoa dalili chache. Lakini funzo kuhusu fedha linabaki: chombo kinachonunuliwa na mradi kinakufa pamoja na mradi. Kituo cha mlimani kingewekwa leo na mfadhili, kikapigwa picha na bendera, kingekabiliwa na swali hilohilo mwaka wa tatu: nani atanunua betri?

Satelaiti inaona nini

Wengine watasema: kuna satelaiti, kwa nini kupanda? Jibu ni kwamba satelaiti inasaidia, lakini haitoshi, hasa hapa.

Picha za Landsat, zinazotumiwa sana kwa kazi hii, zinaona ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Hekta 38 za barafu ni kama vipande 420 tu, vilivyotawanyika juu ya vilele vyenye kivuli. Kosa la safu moja ya vipande pembeni linabadilisha matokeo sana. Halafu kuna mawingu, ambayo Ruwenzori inayavaa karibu kila siku. Kwa mwaka mzima picha safi zinaweza kuwa chache mno. Na picha safi ikipatikana asubuhi baada ya theluji kuanguka, mlima wote ni mweupe, na kompyuta haijui ipi ni barafu ya miaka mia na ipi ni theluji ya jana usiku. Ndiyo maana tarakimu za watafiti tofauti kuhusu mlima huuhuu hazilingani kabisa, hata wakiwa waaminifu wote.

Kuhusu mvua ni vigumu zaidi. Satelaiti inakadiria mvua kwa kuangalia joto la kilele cha wingu na ishara nyingine. Mvua ya mlimani mara nyingi inatoka katika mawingu mafupi yanayosukumwa juu na mteremko. Kwa satelaiti yanaonekana kama si kitu, na chini yanajaza mto. Makadirio hayo yanahitaji kurekebishwa na vipimamvua vilivyo ardhini. Pasipo kipimamvua, tarakimu ya satelaiti ni ushahidi wa mtu aliyesimama mbali.

Mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na watafiti wa Uholanzi na Marekani, ulifikiria jambo la busara: kuweka vituo vidogo vya hali ya hewa kwenye shule, barani kote, mwalimu akiwa mlinzi na wanafunzi wakizisoma data darasani. Wazo hilo linafaa chini ya Ruwenzori kuliko kilele. Kupima barafu yenyewe kunaweza kuendelea kuachiwa misafara ya Uganda, kwa sharti kwamba Kongo inakaa mezani. Hakuna aibu katika hilo: mlima ni mmoja, na data za Elena zinaweza kumsaidia mtu wa Mutwanga kama akizipata. Kinachokosekana ambacho hakuna Mganda atakayekileta ni mvua ya miteremko ya magharibi. Shule, vituo vya afya na parokia zipo Mutwanga, Lume, Bulongo, Kasindi. Kituo cha umeme kina wafanyakazi wanaoangalia mto kila siku. Kalonge, siku usalama utakaporuhusu, ingefaa kwa kituo cha katikati, ndani ya msitu, mahali ambapo mvua inayojaza Butahu inaanguka.

Ubishi utabaki kuhusu nani alipe. Upande mmoja utasema ni kazi ya serikali, na sheria inawapa haki. Upande mwingine utasema hifadhi na kampuni ya umeme ndizo zinazofaidika kwanza na maji, kwa hiyo zianze. Ushirika wa wakulima wa kakao nao una sababu, sasa kwa kuwa bei imeonyesha kwamba siku tatu za mvua zisizotazamiwa zinaweza kugharimu kuliko kipimamvua chenyewe. Jambo moja la bei ndogo linaweza kufanyika hata kabla ya wote hao kukubaliana. Kipimamvua cha kawaida ni chombo cha kukinga maji na fimbo yenye alama za milimita. Anayekisoma anahitaji kalamu, daftari, na uaminifu wa kukisoma saa moja asubuhi kila siku, hata Jumapili, hata siku isiyonyesha, akiandika sifuri. Simu inatosha kupeleka tarakimu Beni.

Nyamukubi na Bushushu, wilayani Kalehe, hazikuwa na barafu juu yake. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilinyesha juu ya mlima, mito ikashuka siku ya soko, na watu zaidi ya 400 wakafa. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe chini ya mfumo wa kutoa tahadhari mapema.  Msimu wa mvua wa Agosti hadi Desemba utashuka Butahu kama kawaida, na chini ya mlima watu wataukisia kwa kusikiliza mlio wa mto usiku.